Oedipus, Medea, Thyestes: tanzia ipi ya kale ina taharuki unayoitaka?

Ukitafuta tanzia ya kale ya kuigiza, ya kufundishia au ya kusoma mwenyewe, utagundua mapema kwamba hadithi zinajirudia. Sophocles ana Oedipus, Seneca naye ana Oedipus. Euripides ana Medea, Seneca naye ana Medea. Aeschylus ana Agamemnon, Seneca vilevile. Kati ya Wagiriki hao wa Athens ya karne ya 5 K.K. na Seneca wa Roma, aliyefariki mwaka 65 B.K., imepita takribani miaka 500, lakini mfalme ni yuleyule, mama ni yuleyule na misiba ni ileile. Ukichagua kwa kusoma muhtasari wa hadithi utakuwa umepiga ramli. Chagua kwa taharuki, maana hapo ndipo Mgiriki na Mrumi walipoachana njia.

Darasani taharuki huelezwa kuwa ni hamu ya kujua kitakachotokea. Kwa tanzia hizi fasili hiyo inapwaya, kwa sababu wengi waliokaa kutazama walikuwa wanajua. Antiphanes, mtunzi wa futuhi wa karne ya 4 K.K., aliwalalamikia watunzi wa tanzia kwamba kazi yao ni rahisi: taja tu jina la Oedipus, watu wanajua baba ni Laius, mama ni Jocasta, watoto ni akina nani, alitenda nini na yatamfika nini. Aristotle aliona vingine, kwamba hata visa maarufu vinajulikana na wachache. Lakini kabla ya tamasha la Dionysus pale Athens watunzi walijitokeza hadharani na kutangaza michezo watakayoonyesha, kwa hiyo hata asiyekijua kisa alikuwa na muda wa kuuliza jirani. Msikilizaji wa kisa cha Fumo Liyongo naye anaijua sindano ya shaba tangu utotoni, na bado hukaza pumzi mtoto anapomnyemelea baba yake usingizini.

Kinachomshika mtu wa namna hiyo ni maswali mengine: ni lini, ni kwa mdomo wa nani, hivi kweli hakuna pa kutokea? Mgiriki humpa mtazamaji tumaini, akamwachia alizoee, kisha akamnyang'anya. Seneca hatoi tumaini. Mambo yameharibika tangu mtu wa kwanza anapofungua kinywa, na swali linalobaki ni ubaya utafika wapi. Taharuki hizo mbili zinadai waigizaji tofauti, na kila moja inaharibiwa na makosa yake.

Oedipus: Sophocles au Seneca

Mchezo wa Sophocles una mistari 1,530. Wa Seneca una 1,061. Usidanganyike kwamba mfupi ndio wenye kasi.

Kwa Sophocles kila habari huingia ikiwa faraja, halafu ikageuka sumu. Thebes inaangamia kwa tauni, na mungu Apollo ameagiza muuaji wa mfalme Laius atafutwe. Oedipus anamlaani muuaji huyo mbele ya watu wote. Kabla hata theluthi ya mchezo haijaisha, nabii kipofu Tiresias anamwambia waziwazi: muuaji unayemtafuta ni wewe. Msomaji wa leo hushangaa kuona siri inatolewa mapema hivyo. Ila hiyo ndiyo akili ya Sophocles. Ukweli umetoka katikati ya ugomvi, kwa mtu aliyetukanwa muda huohuo, kwa hiyo Oedipus anausikia kama njama ya Creon, shemeji yake, ya kumpokonya kiti, na wazee wa korasi, kundi linaloimba na kusema pamoja jukwaani, wanakataa kuuamini. Umeshatamkwa, hauwezi kurudishwa kinywani, na kuanzia hapo mtazamaji anasubiri siku utakapomfika mwenyewe.

Kisha anakuja Jocasta kumtuliza mumewe. Tazama kwa karibu anavyofanya. Anataka kuonyesha kwamba utabiri ni uongo, akatoa mfano: Laius alitabiriwa kuuawa na mwanawe, lakini mtoto yule alitupwa mlimani akiwa na siku tatu tu, na Laius aliuawa na majambazi wageni mahali barabara tatu zinapokutana. Hoja yote ni ya kumliwaza. Oedipus hakuisikia hoja. Amesikia "barabara tatu". Anaanza kuuliza: ni nchi gani? Lini? Laius alikuwa na umbo gani, umri gani? Alikuwa na watu wangapi? Jocasta anajibu kila swali kwa utulivu wa mtu asiyejua anachokifanya: walikuwa watano, mmoja wao mpiga mbiu, na gari moja lililombeba Laius. Kila jibu ni dogo, la kawaida, na kila jibu linamkaba mtu aliye mbele yake.

Hapo Sophocles anaacha upenyo mmoja. Mtumishi aliyenusurika alisema majambazi walikuwa wengi, na Oedipus, aliyewahi kumuua mzee mahali pa namna hiyo, alikuwa peke yake. Mmoja hawezi kuwa sawa na wengi, anasema, na tumaini lote la mchezo linaning'inia kwenye tofauti hiyo ya umoja na wingi. Mtumishi yule anaitwa kutoka shambani. Wakati anasubiriwa anaingia mtu mwingine kabisa, mzee kutoka Korintho, na habari njema: Polybus, anayedhaniwa kuwa baba wa Oedipus, amefariki kifo cha kawaida. Utabiri kwamba Oedipus atamuua baba yake na kumwoa mama yake umeshindwa! Na mzee yule, kwa nia njema, anaongeza la kumtoa Oedipus hofu iliyobaki: usiogope kumwoa mama yako wa Korintho, yule hakuzaa wewe, mimi ndiye niliyekupokea ukiwa mchanga, vifundo vya miguu vimetobolewa. Jocasta ameshaelewa. Anamsihi mumewe aache kuuliza, kisha anaingia ndani bila kueleza.

Ukiwa unaongoza mchezo huu, makosa manne ndiyo yanayoua taharuki yake mara nyingi. La kwanza, Oedipus kuchezwa kwa huzuni tangu mwanzo, kana kwamba mwigizaji ameshasoma ukurasa wa mwisho. Achezwe kama mpelelezi hodari anayefurahia kupata ushahidi, maana ubora wake ndio unaommaliza. La pili, mjumbe wa Korintho kuingia kwa sauti ya matanga. Mzee yule amekuja akitarajia zawadi, na anasema hivyo mwenyewe, aingie akitabasamu. La tatu, Jocasta kupiga ukelele anapotambua. Apewe ukimya: amsikilize yule mzee akiwa amesimama pembeni, na uso wake ubadilike kabla ya sauti yake, wakati Oedipus anatazama upande mwingine.

La nne ndilo baya zaidi, nalo ni kukata wimbo wa korasi unaofuata Jocasta anapoondoka. Vikundi vingi huuona ni wimbo wa kupoteza muda, kwa sababu wazee wanashangilia kwamba huenda Oedipus ni mtoto wa mungu, Pan au Apollo au Dionysus, aliyezaliwa mlima Cithaeron. Lakini furaha hiyo ndiyo kilele cha tumaini, sekunde chache kabla ya mchunga mifugo, yule mtumishi aliyenusurika, kuletwa. Bila wimbo, mchunga mifugo anaingia mara tu Jocasta akishatoka na hadhira haina pa kupumulia. Kuna na faida ya jukwaani: katika mpangilio wa waigizaji watatu, anayecheza Jocasta anaweza kurudi akiwa mchunga mifugo, na wimbo huo ndio muda wake wa kubadili maleba.

Waigizaji watatu wanatosha kweli. Mmoja Oedipus tu. Wa pili achukue kuhani, Jocasta, mchunga mifugo na mtumishi wa ikulu anayeleta habari za mwisho. Wa tatu achukue Creon, Tiresias na mzee wa Korintho. Hakuna mahali ambapo wahusika wawili wa mtu mmoja wanakutana. Korasi ya Sophocles ilikuwa ya watu 15. Sita wenye sauti nzuri wanaifanya kazi hiyo vizuri tu.

Sasa Seneca. Mchezo unaanza alfajiri, Oedipus akiwa peke yake, na tayari anajiogopa. Tauni inawaandama wote isipokuwa yeye, na anajiuliza anahifadhiwa kwa jambo gani. Anasema yeye ndiye aliyelitia anga hatia. Mpelelezi hayupo. Tuliye naye ni mtuhumiwa anayesubiri hukumu. Utafutaji wa ushahidi umebadilishwa kuwa mfululizo wa matambiko. Tiresias anachinjisha ng'ombe wawili, na kwa kuwa ni kipofu, binti yake Manto anamweleza anachokiona: moto wa sadaka umegawanyika mara mbili, matumbo yamekaa ovyo, na ndama jike asiyepandwa ana mimba iliyoko mahali pasipo pake. Kila ishara ni picha ya kosa la Oedipus, na hakuna anayelitamka. Kisha Creon anasimulia kwa kirefu jinsi mzimu wa Laius ulivyoitwa kutoka kuzimu, ukamtaja mwanawe. Yote haya yametokea kabla ya mzee wa Korintho na mchunga mifugo kukutana. Utambuzi wenyewe, unaomchukua Sophocles nusu ya mchezo, kwa Seneca unapita haraka.

Taharuki yake imo masikioni: Manto akieleza, baba yake akiuliza, nasi tukiona kwa maneno. Ikichezwa na mtu anayesoma kwa mkupuo mmoja, inakufa. Manto awe binti anayechukizwa na anachokiona lakini hana ruhusa ya kunyamaza. Mwisho nao ni tofauti. Jocasta wa Sophocles anajinyonga ndani na tunasikia habari. Wa Seneca anajiua kwa upanga mbele ya macho ya watu, akiuelekeza tumboni palipomzaa mume wake.

Kwa Oedipus, chaguo langu ni Sophocles bila kusita, awe wa jukwaani au wa darasani. Uzi wake wa ushahidi haujapitwa. Kuna pia sababu ya kawaida kabisa: tafsiri ya Kiswahili ya Samuel Mushi, *Mfalme Edipode*, ilitoka mwaka 1971, kwa hiyo kikundi hakilazimiki kuanza kutafsiri upya. Mchukue Seneca kama nia yako ni usomaji wa redio au wa sauti gizani.

Medea: hapa mizani inakaribia kulingana

Medea wa Euripides ulionyeshwa mwaka 431 K.K. na ukashika nafasi ya tatu, yaani ya mwisho, katika mashindano. Ramani ya taharuki yake iko hivi. Medea ameachwa na mumewe Jason, aliyemwoa binti wa Creon, mfalme wa Korintho. Yaya anaanza kwa kusema anaogopa, kwa sababu mama anawatazama watoto kwa chuki. Creon anamfukuza Medea mjini, kisha anakosea kwa kumpa siku moja tu ya kujiandaa. Kuanzia hapo kuna saa inayohesabika. Medea anahesabu maiti anazozitaka: baba, binti na mume. Tatu. Watoto hawamo. Ile hofu ya yaya inaanza kusahaulika. Anapita Aegeus, mfalme wa Athens asiye na mtoto, akimwahidi hifadhi, na baada tu ya hapo, mstari wa 790 hivi kati ya 1,419, Medea anasema kwamba atawaua wanawe.

Aristotle aliona Aegeus anaingizwa bila sababu, na ni kweli mlango wake hauna kitasa. Lakini waongozaji wanaomkata wanakata bawaba. Mtu anayekufa kwa kukosa mtoto ndiye anayemwonyesha Medea mwanamume anaumia wapi. Bila yeye, uamuzi wa kuua watoto unaonekana wazimu uliozuka ghafla, na taharuki inageuka kuwa mshtuko tu.

Baada ya hapo Euripides anafanya jambo ambalo Seneca halifanyi kwa kiwango hicho: anarudisha tumaini. Medea akiwa na watoto mbele yake anayumba. Hawezi. Ataondoka nao. Hapana, maadui watacheka. Waache, ewe moyo wangu. Hapana. Mwigizaji akiyasema haya kama mtu aliyeshaamua anayejihurumia, eneo lote linapotea. Kila mgeuko uwe uamuzi wa kweli, mwili ugeuke nao, na watoto wawe karibu kiasi cha kuguswa. Kisha inakuja taarifa ya mjumbe, karibu mistari 100, juu ya vazi na taji la dhahabu vilivyomla bibi harusi na baba yake. Nenda polepole hapo. Binti anavaa, anajitazama kwenye kioo, anatembea akiangalia vazi linavyoanguka kisiginoni. Ukiharakisha kioo ili ufike kwenye moto, umetupa nusu bora ya taarifa.

Mwishoni kuna hila ya jukwaa ambayo inahitaji jengo lako likubaliane nayo. Sauti za watoto zimesikika ndani. Jason anagonga milango. Hadhira ya Athens ilizoea kwamba milango ikifunguliwa, jukwaa dogo la magurudumu hutoka na maiti, kwa hiyo macho yote yako chini, mlangoni. Medea anatokea juu, katika gari la Jua, na maiti za watoto mkononi mwake. Kama huna pa juu, pata: ngazi, balkoni, hata paa la chumba cha kubadilishia nguo. Lakini taa zako zimulike mlango hadi sekunde ya mwisho.

Seneca anaanza na Medea mwenyewe, akiita miungu ya giza. Mstari wa 26 haujaisha, ameshasema kisasi kimezaliwa: nimezaa. Mtazamaji anayejua kisa anasikia maana mbili, na Medea bado hajaisikia ya pili. Ndiyo taharuki ya mchezo huu, na ni ya kipekee: tunasubiri mtu aelewe alichokwisha kukisema. Yaya anapomwambia kwamba hakuna kilichobaki katika mali yake yote, anajibu, "Medea amebaki." Anapoitwa jina lake, "Medea," anajibu, "Nitakuwa." Na karibu na mwisho: "Sasa mimi ni Medea."

Eneo la kulishika kwa mikono miwili ni la Jason. Medea anaomba aondoke na watoto. Jason anakataa, na kwa moyo mweupe kabisa anasema hawezi kuachana nao, hao ndio sababu yake ya kuishi. Medea anasema pembeni: kumbe anawapenda wanawe hivi? Vema, amenaswa, mahali pa kumjeruhi pamefunguka. Ni mistari miwili. Mwigizaji asiitamke kwa hasira. Aitamke kama fundi aliyepata ufunguo aliokuwa akiutafuta asubuhi nzima.

Kutoka hapo Seneca anabadili uwiano. Mjumbe, aliyepewa mistari karibu 100 na Euripides, hapa anapewa kama dazeni. Uzito umehamia kwenye uchawi, na mwishowe kwenye mauaji yenyewe, yanayofanyika mbele ya watu. Mshairi Horace alikuwa ameonya miongo kadhaa kabla kwamba Medea asiwachinje wanawe mbele ya hadhira. Seneca anaua mmoja, anasimama, Jason anakuja na watu wenye silaha, Medea anapanda paa na mtoto wa pili, na baba anaomba huyu mmoja tu abaki. Medea anauambia uchungu wake usiharakishe.

Hapo ndipo vikundi huanguka. Wanasesere wakionekana ni wanasesere, watu hucheka, na ukishacheka huwezi kurudi. Watoto wa kweli nao huleta wasiwasi usio wa kisanaa: mtazamaji anaanza kumhurumia mtoto wa jirani badala ya mwana wa Jason. Njia inayofanya kazi ni kitambaa, vipande viwili vya rangi moja, vilivyoshikwa kama watoto tangu eneo la kwanza ili hadhira izoee. Kimoja kikidondoka, kimedondoka. Wataalamu hawakubaliani kama Seneca aliandika kwa ajili ya jukwaa au kwa usomaji wa hadhara, kwa hiyo hukiuki chochote ukiupunguzia mchezo vifaa.

Hadhira isiyomjua Medea wape Euripides, maana kuyumba kwake kutawashika kwelikweli. Hadhira inayomjua, au wanafunzi waliokwisha kumsoma Euripides, wape Seneca. Na kama una waigizaji wanne wazuri tu lakini mmoja wao ni mwanamke mwenye sauti ya kubeba mchezo mzima, usihangaike, ni Seneca.

Mengine, kwa haraka

Thyestes hana mshindani, kwani tanzia za Kigiriki juu yake zimepotea, na hapa ndipo Seneca yuko katika kilele chake. Atreus anamkaribisha ndugu yake Thyestes, anawachinja wana wa ndugu huyo, anampikia nyama yao. Mjumbe anapoleta habari, korasi inamhimiza aseme upesi, naye anaanza kueleza ikulu, kichaka, miti, giza la mahali pale. Usimkate. Kisha karamuni, Thyestes amekunywa, amevaa shada la maua, anajaribu kuimba, na machozi yanamtoka bila yeye kujua sababu. Anauliza wanawe wako wapi. Atreus anafunua vichwa na kumuuliza kama anawatambua. "Namtambua ndugu yangu," anasema Thyestes. Unahitaji wanaume wawili hodari, meza moja na taa inayofifia taratibu, kwa sababu jua lenyewe limekimbia.

Ukitaka taharuki bila maiti mwishoni, mchukue Euripides wa Iphigenia kati ya Watauri. Dada anakaribia kumtoa kaka yake sadaka bila kumjua, na wanaokolewa na barua: anahofia itapotea baharini, akaisoma kwa sauti ili mbebaji aikariri, na kaka aliyeandikiwa amesimama palepale. Aristotle aliuweka utambuzi wa namna hii, unaozuia tendo dakika ya mwisho, juu ya aina zote.

Kwa Agamemnon swali ni moja tu: una mwigizaji wa Cassandra, nabii mateka aliyeletwa na mfalme Agamemnon kutoka vitani? Seneca anamfanya aone mauaji ya mfalme kwa maono na kuyasimulia yanapotendeka ndani, kazi ya sauti. Aeschylus, mwaka 458 K.K., anamwacha ndani ya gari kimya, wakati mfalme anashuka na kukanyaga vitambaa vya zambarau, wakati malkia anamwamuru ateremke, wakati korasi inambembeleza. Watu wanaanza kuamini hana mstari wa kusema. Ndipo anapolia. Aliyepewa nafasi hiyo asitikise hata kidole katika mistari hiyo yote, na asitazame chini. Atazame mlango wa nyumba.